Ufito wa Mkono Mmoja

Katika nyumba ile, mlango wa chumba cha nyuma haukufunguliwa hivi hivi. Ulipiga hodi, ukasubiri, na ukiambiwa "pita" ulipita kwa ubavu kama kaa, ukaufunga nyuma yako kabla hujavuta pumzi ya pili. Si kwamba humo ndani kulikuwa na dhahabu. Kulikuwa na gundi mbichi, na adui wa gundi mbichi ni vumbi.

Chumba kilikuwa cha Fundi Baridi. Mtaa ulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza friji, na kwa sababu hasira hakuwa nazo. Ungemmwagia maji angekuuliza kama umebakiza ya kunywa. Mchana alishinda dukani kwake, amepiga magoti nyuma ya friji za watu, anazisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Akirudi, akishaoga na kula, aliingia chumba cha nyuma kutengeneza fito za kuvulia samaki. Hakuziuza. Aliyetaka kununua aliambiwa madukani zipo, tena nzuri, aende salama. Fundi alitengeneza ufito kwa ajili ya mtu mmoja anayemjua, na ukiisha alimpa, basi.

Mkewe alikuwa mshonaji. Naye alikuwa na jina lake la mtaani, Bi Sindano, maana hakukosa sindano mbili tatu zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, na watoto wa majirani walifundishwa kumsalimia kwa mbali. Mwanzoni mwa ndoa alidhani mambo ya fito ni homa itakayopita. Wanaume wengine walikuwa na mpira, wengine na baraza za kahawa. Wake alikuwa na vijiti. Alisema moyoni, bora vijiti.

Kisha siku moja alivuta kigoda akakaa karibu naye, akamwona akifunga pete.

Pete ni zile ndogo za chuma ambazo mshipi hupita ndani yake kutoka mpinini hadi nchani. Haziwekwi kwa msumari wala kwa gundi peke yake. Hufungwa kwa uzi. Uzi mwembamba huzungushwa juu ya mguu wa pete, mzunguko ukilala ubavuni mwa mzunguko mwenzake, bila kupandana na bila kuacha upenyo, mpaka chuma chote kimevikwa. Mwishoni hakuna fundo. Ncha ya uzi huvutwa chini ya mizunguko yenyewe, ikapotelea humo, na ukipitisha kidole hujui ulikoanzia wala ulikoishia. Ili uzi usilegee, Fundi aliupitisha katikati ya kurasa za kamusi nene iliyofungwa, uzito wa maneno yote yale ukaubana.

"Hiyo kamusi ya watu unaisoma lini?" mkewe aliuliza.

"Si naisoma. Nipo kwenye herufi M."

Bi Sindano hakucheka. Alikuwa akiangalia vidole. Mikono ile mipana, iliyozoea spana na vyuma vyenye kutu, ilikuwa ikiupeleka uzi mwembamba kuliko unywele kwa upole ambao yeye mwenyewe aliutunza kwa magauni ya harusi tu. Alikuwa ameshona tangu usichana na alijua mshono ni nini. Ule ulikuwa mshono. Tangu siku ile hakumuuliza tena chumbani anafanya nini, ila alianza kumuuliza nyuzi zake za rangi ya zambarau zimekwenda wapi.

Na kabla ya kupaka gundi, Fundi alisimama akasali. Sala yenyewe ilikuwa fupi. "Bwana, tuliza vumbi. Amina."

"Mungu ana mambo mangapi," Bi Sindano alisema, "nawe unampelekea vumbi?"

"Vumbi analijua kuliko mimi. Ndilo alilotufinyanga nalo."

Basi, huyu Fundi alikuwa na dada mmoja aliyemtangulia kuzaliwa, mkunga mstaafu. Mama yao alikufa Fundi akiwa bado mdogo, na dada ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akampeleka shule kwa fimbo na kumrudisha kwa mgongo. Ndiye pia aliyemfundisha kuvua kwenye bwawa lililo nje ya mji. Wakati huo Fundi alikuwa amekonda hata dada yake akambatiza Kijiti, na mpaka leo, mvi zimemjaa na kitambi kimetangulia, kwa dada yake alikuwa Kijiti.

Mkunga alikuwa mwanamke wa kutisha kwenye maji. Alitupa mshipi mbali kuliko wanaume waliosimama kulia na kushoto kwake, na akikosa samaki alisema samaki wamelala, si yeye aliyeshindwa. Ufito wa kwanza kabisa Fundi aliotengeneza ulikuwa wake. Kila familia ilipopata nafasi ya kwenda bwawani na gari la kuazima, siti ya mbele ilikuwa ya Mkunga, na ufito ule ulilala magotini pake kama mtoto mchanga.

Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Maneno yalirudi upesi, tena kwa wingi. Mguu ulirudi nusu, fimbo ya kutembelea ikatoa nusu nyingine. Mkono wa kulia haukurudi. Ulining'inia pale begani kama mgeni aliyekuja kutembea akasahau kuondoka.

Aliacha kwenda sokoni, maana hakutaka kubebewa kapu. Akaacha ibada ya pamoja, maana hakutaka kushikiwa kitabu. Alisali kwake, mlango umefungwa. Na asubuhi moja Bi Sindano alipokwenda kumsalimia, alikuta ule ufito wa zamani umeegemezwa mlangoni, umefungwa kwa kitambaa safi.

"Wifi, mpelekee mdogo wangu," Mkunga alisema. "Mwambie ampe mwenye mikono miwili. Na bwawani msiniwekee siti."

"Wifi, kukaa tu pembeni ukatazama maji—"

"Nikatazame maji? Nimekuwa bata?"

Bi Sindano aliubeba ufito njia nzima hadi nyumbani, watu wakimtania anakwenda kuvua nini kwenye lami. Fundi alipouona, aliupokea kwa mikono miwili, akauingiza chumbani. Alipotoka alisema, "Ameacha soko, ameacha ibada. Lilibaki bwawa. Akiliacha na hilo, dada yangu amekaa ndani mpaka siku ya kubebwa."

"Sasa?"

"Namtengenezea mwingine. Mwepesi. Mwepesi kama unyoya, hata mkono mgonjwa utauinua. Na ule mkono utarudi, daktari alisema matumaini yapo."

Akaanza. Alichagua ufito mtupu, mwembamba, mweusi, ambao ukiuweka kidoleni ulijisawazisha wenyewe. Jambo la kwanza alitafuta uti wake wa mgongo, kwani kila ufito, hata uwe laini namna gani, una upande mmoja ulio mgumu. Aliuegemeza mezani kwa pembe, akaukandamiza katikati kwa kiganja, akauviringisha polepole, mpaka ukajirusha wenyewe, tap, ukalala upande unaoupenda.

"Haulazimishwi," alimwambia mkewe. "Unauuliza kwanza umependa kulalia wapi, ndipo unafunga pete. Ukifunga bila kuuliza, siku samaki mkubwa atakapovuta, utajipinda mkononi kama nyoka."

Mpini aliufanya kwa vipande vya gome laini, kama lile la vizibo vya chupa, akavibandika kimoja juu ya kingine na kuvisugua kwa msasa mpaka vikawa kitu kimoja kilichonyooka. Uliishia nyuma ya kiwiko, mrefu, wa mikono miwili: mmoja unashika juu penye gurudumu la kukunjia mshipi, mwingine unavuta chini. Ndivyo Mkunga alivyotupa siku zote. Uzi alichagua wa zambarau, na mkewe akajifanya hakuona.

Ukafika mchana wa kupaka gundi. Gundi ile huchanganywa kutoka chupa mbili, na ikishapakwa juu ya uzi, ufito lazima uzunguke usisimame, la sivyo gundi hushuka upande mmoja ikaganda kama chozi la mshumaa. Fundi alikuwa na kifaa cha kuuzungusha: mota ndogo aliyoing'oa kwenye maikrowevu iliyokufa, ile inayozungusha sahani. Sala ikasaliwa, gundi ikapakwa, mota ikaanza kuzunguka kwa utulivu wa punda wa kinu. Na umeme ukakatika.

"Mama!" Fundi aliita. "Njoo, ingia kwa ubavu!"

Bi Sindano aliacha suruali ya mtu chini ya sindano. Wakauchomoa ufito kwenye mota, wakakaa huku mmoja na kule mmoja, wakawa wanauzungusha kwa vidole, robo mzunguko, subiri, robo tena. Joto lilikuwa jingi kwa kuwa dirisha halikuruhusiwa kufunguliwa. Jasho lilimtoka Fundi, naye akageuza uso pembeni lisidondoke juu ya kazi. Uzi wa zambarau ulikuwa umeanza kung'aa chini ya gundi, rangi imezama ndani kama kitu kilichomo chini ya maji matulivu.

"Ni mzuri," Bi Sindano alisema, na alimaanisha. "Mzuri kupita wote." Wakageuza robo. "Ulimpima lini?"

"Nani?"

"Mwenye nguo."

"Dada yangu? Nimpime nini? Mkono ule umenilea. Nimepigwa nao na nimelishwa nao. Naujua kama naujua mlango wa nyumba hii."

Bi Sindano alitaka kusema kitu. Wateja wangapi walikuja kwake na kipimo cha zamani, wakisema wanajijua, na nguo ikagoma kupita kiunoni? Lakini alimtazama mumewe, macho yake yamekodolea pete ya mwisho kwa upendo mwingi, akaona huo si wakati. Aliendelea kuzungusha. Moyoni alisema, Bwana, kama nakosea, nifunge mdomo. Kama sikosei, mfungue yeye macho. Na umeme uliporudi walikuwa bado wanazungusha, hawakuwa na habari.

Walimwalika Mkunga kwa hila ya gauni. Bi Sindano alikuwa akimshonea gauni la kufungika kwa mkono mmoja, vifungo vikubwa upande wa mbele, naye alikubali kuja kulijaribu kwa kuwa gauni si msaada, ni gauni. Likamkaa. Ndipo Fundi akatoka chumbani na ufito.

Mkunga aliutazama muda mrefu. Hakuugusa kwanza. Alipitisha macho kutoka nchani hadi mpinini, kisha kidole cha kushoto juu ya uzi, akitafuta mwisho wake asiuone.

"Kijiti," alisema kwa sauti ya chini, "mikono hii umeitoa wapi?"

"Kwako, dada."

"Usinipake mafuta. Twende uani."

Uani walimwekea ndoo ya kulenga. Fundi alimsaidia kuuweka mkono wa kulia juu ya mpini. Vidole havikukunjika. Mkunga akauinua ufito kwa mkono wa kushoto, na kwa wepesi wake uliinuka kweli, lakini ule mpini mrefu ulidai mkono wa pili. Ulimgonga mbavuni, ukakwama katika kwapa, ukageuka. Mkono wa kulia uliteleza ukaanguka ubavuni. Akajaribu tena. Mara hii ufito ulimponyoka wenyewe, Fundi akaudaka karibu na saruji. Kisha, bila kufikiri, akaudaka na mkono wa dada yake pia, akaubana kwenye mpini kwa kiganja chake. "Hivi, dada. Nikushikie kidogo tu."

Bi Sindano, aliyesimama penye kamba ya nguo, aliona uso wa wifi yake ukijifunga kama duka.

"Ni ufito mzuri sana," Mkunga alisema. "Hujapata kutengeneza mzuri kama huu. Mpe mtu." Akaomba fimbo yake, akaaga kwa adabu zote, na adabu hizo ndizo zilizouma. Alipokuwa mzima alikuwa anaondoka kwa matusi na vicheko.

Fundi hakuingia chumba cha nyuma jioni ile, wala iliyofuata. Alirudi kutoka dukani, akala, akakaa sebuleni akitazama ukuta kana kwamba kuna picha. Mkewe alimwacha. Lakini kimya cha mtu asiye na hasira ni kizito, na asubuhi ya siku ya mapumziko alizima cherehani.

"Baba, nikwambie?"

"Hata nikikataa."

"Mteja akinenepa simshonei nguo ya mwili aliokuwa nao. Akikonda vilevile. Nguo inakatwa kwa mwili ulioingia mlangoni."

"Najua."

"Hujui. Wewe umemshonea dada yako wa zamani. Huyu wa sasa hujampima kwa sababu hutaki kuugusa ule mkono."

Fundi aliinama. Bi Sindano akaogopa kwamba amevuka mpaka.

"Nikiupima," alisema, "si ndiyo nimekubali?"

"Umekubali nini?"

"Kwamba haurudi."

"Kurudi kwake ni kwa Mungu," Bi Sindano alisema. "Kupima ni kwako." Akavua utepe wa kupimia uliokuwa shingoni, akamvisha yeye.

Walikwenda wote wawili. Mkunga aliwafungulia mlango, akauona utepe shingoni mwa mdogo wake, akamtazama wifi yake, akaelewa.

"Umeleta fundi mpya wa nguo?" alimuuliza Bi Sindano. "Huyu si atanikatia gauni la friji."

"Nimekuja kukupima mkono, dada," Fundi alisema.

"Upi?"

"Yote. Huo hasa."

Mkunga aliketi. Kwa mkono wa kushoto aliuinua ule wa kulia, akauweka mezani kati yao, kama mtu anayeweka mkate. Fundi alikaa akiutazama. Utepe ulikuwa unatetemeka.

"Shika, Kijiti. Nimeshika watoto wanaotoka na rangi ya majivu, hawalii, na sikutetemeka. Huu ni mkono tu. Haung'ati."

Akaushika. Ulikuwa na joto, jambo ambalo kumbe hakulitegemea. Akapima kutoka kiwiko hadi kifundo, unene wa mkono wa mbele, akamwomba aukunje, ukakunjika kidogo kwenye kiwiko na kukataa kwenye vidole. Alipima wa kushoto pia, akamwuliza nguvu zake zinaishia wapi. Na kadiri alivyopima ndivyo alivyozidi kuwa fundi, maswali yakaanza kumtoka kama mbele ya friji: unainuka hapa? Hapa panauma? Ukiuacha juu ya kitu, unakaa au unateleza? Bi Sindano aliona mabega ya mumewe yakishuka, na uso wa wifi yake ukifunguka, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu augue kuna mtu aliyeuliza kuhusu mkono ule si kwa kusikitika bali kwa kutaka kujua.

"Vidole havishiki," Fundi alisema, "lakini una uzito. Ukilala juu ya kitu unakibana."

"Kazi yake ni kulala. Hiyo anaiweza vizuri kuliko mtu yeyote ukoo huu."

"Basi nitampa pa kulala."

Siku iliyofuata, baada ya kazi, Fundi aliuweka ule ufito mzuri kupita wote kwenye meza ya kukatia, akachukua msumeno wa meno madogo, akaukata mpini nyuma ya gurudumu. Bi Sindano alikuwa mlangoni, ameingia kwa ubavu kama sheria ilivyo. Vumbi la gome liliruka chumba kizima, katika chumba ambamo vumbi lilikuwa dhambi, na mumewe hakulijali. Akachukua wembe, akazichana nyuzi za zambarau karibu na mpini, kazi ya jioni nyingi ikaanguka sakafuni kama nywele kinyozini. Mkewe alijua uchungu wa kufumua. Aliwahi kulia juu ya shela moja. Mumewe hakulia, alikuwa akipiga mluzi kidogo kidogo.

Safari hii mpini ulikuwa mfupi, wa mkono mmoja wa kushoto, na mwisho wake ulichongwa uwe kama kisigino. Kisigino kiliingia katika kikombe cha ngozi kilichoshonwa kwenye mkanda mpana wa kiunoni. Mkunga angetupa kwa mkono wa kushoto, kisha angesimika ufito kikombeni, na mkono uleule ungekwenda kulizungusha gurudumu. Na mbele ya gurudumu, juu ya ufito, Fundi aliweka kitanda: kipande cha gome kilichochimbwa mfereji wenye umbo la mkono wa mbele wa dada yake, kipimo kwa kipimo, ili mkono wa kulia ulale hapo na uzito wake uzuie ufito usiyumbe.

Mkanda ulikuwa kazi ya Bi Sindano. Turubai ngumu kiasi hicho hakuwa amewahi kushona. Sindano zilikatika, na alisema maneno ambayo ilibidi ayaombee msamaha papo hapo. Lakini kikombe kilipokaa sawa mwishowe, Fundi alikigeuza mkononi, akapitisha kidole juu ya mshono, akatafuta mwanzo na mwisho wake. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo mwanamke aliyeolewa zamani haitegemei tena, naye akasema ana suruali ya mtu, akaondoka haraka.

Mkunga hakuahidi kwenda bwawani. "Nitakuja nilione gari," alisema. "Nikishuka, nimeshuka. Nisiposhuka, msiniulize. Na yeyote atakayenishikia, narudi nyumbani kwa mguu huuhuu mmoja."

Asubuhi ya bwawani maji yalikuwa ya kijivu na kimya, watu wachache wamesambaa ukingoni. Gari lilisimama. Fundi alishuka, Bi Sindano akashuka. Mkunga alikaa siti ya mbele, macho kwenye maji. Fundi aliufikia mlango wake, akakumbuka, akarudi nyuma na kuzitia mikono mifukoni. Bi Sindano alijishughulisha na kapu ambalo halikuwa na shida yoyote. Wakasubiri. Mlango ukafunguka kutoka ndani. Fimbo ikatangulia, kisha mguu mzima, kisha mwenzake.

Alijifunga mkanda mwenyewe, kwa mkono na meno. Ilichukua muda. Akatia chambo akiwa ameibana ndoana katika kizibo alichokichomeka mkandani, hila aliyoibuni mwenyewe nyumbani bila kumwambia mtu. Fundi alipoiona, midomo ilimfunguka. Kumbe alikuwa akifanya mazoezi.

Mtupo wa kwanza uliangukia miguuni pake. Wa pili ukaenda kwenye majani ya ukingoni, ukakwama. Fundi alipiga hatua.

"Kijiti, nani kakuita?"

"Nilikuwa nanyoosha mguu."

"Nyooshea kulekule."

Aliunasua mwenyewe, akivuta na kulegeza, kwa subira ya mtu aliyezoea kungoja vichwa vitoke kwa wakati wake. Mtupo wa tatu alipumua kwanza. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma, ufito ukapinda, ukafyatuka, na mshipi ukapita katika pete zote kwa mlio mwembamba mzuri, ukaenda, ukaenda, chambo kikadondoka mbali penye maji meusi. Mzee mmoja aliyekuwa akivua jirani aligeuka kutazama mtupo ule umetoka wapi. Mkunga akasimika kisigino kikombeni, akauinua mkono wa kulia akaulaza kitandani pake, akatulia kama nguzo.

Walikaa hivyo muda mrefu. Kisha ncha ya ufito ikagonga mara moja, ikainama, na ufito wote ukainama nyuma yake, kidogo kidogo, kutoka nchani mpaka karibu na mpini, kwa upinde mmoja usio na kona. Haukujipinda mkononi. Mkunga aliyumba. Mguu dhaifu ulisogea kwenye kokoto, na Bi Sindano akasikia mumewe akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa. Mikono yake ilikuwa mifukoni, imekunjwa ngumi, kitambaa kimevimba. Haikutoka.

"Lala hapo hapo, mvivu wewe," Mkunga aliuambia mkono wake wa kulia. "Leo umepata kazi ya saizi yako." Na wa kushoto ukazungusha gurudumu, ukapumzika, ukazungusha. Kambare alivuta kulia, akavuta kushoto, akachafua maji ya ukingoni, kisha akaja. Hakuwa mkubwa. Mkunga alimburuta juu ya kokoto, akamkanyaga taratibu kwa mguu mzima, akageuka. Uso ulikuwa umelowa jasho.

"Haya," alisema, "mtoeni ndoana. Hilo nawapa, ana miiba."

Wote wawili walimkimbilia kambare, wakagongana vichwa. Walipoinuka na samaki mkononi, Mkunga alikuwa ameshatia chambo kingine na kuwapa mgongo.

Fundi alisimama akiutazama ufito. Bi Sindano alitaka kumshukuru Mungu, akainamisha kichwa na kufumba macho kama inavyopasa, lakini alisikia mshipi ukianza tena kupita petini, akayafumbua. Akasali macho yakiwa wazi.